Bao la Fainali ya Ishirini na Mbili

Mashindano ishirini na moja ya kwanza aliyaandika kwa wiki mbili. Ya ishirini na mbili yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Chama cha mpira wa magongo kilimpa yeye, mwamuzi mstaafu, kazi ya kuandika kitabu cha historia, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeyajua mashindano ya taifa ya wanawake kumzidi. Aliandika jinsi yalivyoanza na timu nne, wauguzi, walimu, posta na magereza, na magongo ya kuazima waliyopokezana mechi hadi mechi. Akaandika mwaka ule nyuki walipoivunja nusu fainali, mwamuzi akiwa wa kwanza kukimbia, na huyo mwamuzi alikuwa yeye mwenyewe. Alicheka peke yake mezani. Kisha akaifikia fainali ile, kicheko kikakauka.

Wauguzi na posta walikuwa sare, zimebaki dakika mbili. Mchezaji wa posta akaupiga mpira kutoka nje ya nusu duara iliyochorwa mbele ya goli. Sheria ilikuwa wazi: mpira wa kutoka nje, usipoguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara, si bao. Golikipa wa wauguzi alisimama tuli, akauacha uingie wavuni.

Mwamuzi alikuwa amechelewa kukimbia, hakuona vizuri. Uwanja ukalipuka kwa shangwe, naye akapuliza firimbi, akaonyesha katikati ya uwanja: bao. Alipouona uso wa mpigaji, mwenyewe kapigwa na butwaa, alijua amekosea. Angeweza kulifuta. Hakulifuta.

Posta wakabeba kombe na safari ya mshindi, wakaenda kucheza ng'ambo miezi miwili. Golikipa yeye akabeba jina, Mlango Wazi. Hakushika gongo tena, wala hakuonekana kwenye mikutano ya wachezaji wa zamani. Aliyemtetea ni nahodha wake peke yake. Kila mwaka nahodha aliandikia chama barua: "Golikipa wetu alisimama kwa sababu aliijua sheria." Aliandika hivyo mpaka mwaka jana, alipofariki. Mwamuzi alizikuta barua zote ishirini na tano katika kabati la chama, zimefungwa kwa kamba, hakuna hata moja iliyojibiwa.

Jumanne asubuhi alizitia kwenye mkoba, akaenda hadi chumba cha kufulia cha hospitali, alikofanya kazi golikipa.

Golikipa alikuwa akikunja mashuka. Mvi zilikuwa zimeanza kumwingia, lakini mikono ilikuwa bado ya golikipa. Alimtambua mgeni mara moja.

"Karibu, dada. Shika upande huo. Shuka halikunjwi na mtu mmoja."

Wakakunja la kwanza, wakakunja la pili. Kwenye la tatu mwamuzi akashindwa kujizuia.

"Mdogo wangu, lile bao halikuwa bao. Nilijua palepale. Niliogopa kuzomewa, nikakuacha uzomewe wewe."

"Yameshapita hayo, dada."

"Kwangu hayajapita. Sasa nimeyaandika kitabuni. Watu watajua kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi." Akatoa ukurasa aliouandika usiku na mchana kwa siku tatu, kisha lile bunda la barua. "Na nahodha wako alikuwa akikutetea mpaka pumzi ya mwisho. Soma."

Golikipa akafungua barua ya juu. Hakumaliza hata mistari mitano, shuka likamponyoka. Akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu na kuliachia chozi lishuke bila kulifuta.

Mwamuzi akaketi kando yake. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alivuta pumzi ikafika chini.

"Tulikuwa tumeshashonewa sare za safari," golikipa alisema. "Nahodha alinionyesha yake, kaipiga pasi kabla hata fainali haijachezwa. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Amekufa hajapanda."

"Hilo ni langu. Nitalibeba mimi."

"Mama yangu alikuwa amepooza mwaka ule. Nyumbani tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Asipogeuzwa kitandani, anatokwa na vidonda."

"Sikujua, mdogo wangu. Kumbe ulizomewa huku unauguza."

Golikipa akatikisa kichwa. Akaukunja ule ukurasa mara mbili, pembe kwa pembe kama anavyokunja mashuka, akamrudishia.

"Usiuweke kitabuni, dada. Hata ungelikataa lile, ningeachia lingine."