Taa Aliyoichagua Rukia

Siku Mwanatunu alipofariki, watu wa manispaa walifika kabla ya maziko, wakachukua nuru ya macho yake kama sheria inavyotaka. Nuru ya marehemu hutiwa kwenye taa ya sebuleni kwake, na chumba hicho hakiruhusiwi taa nyingine. Huwaka kwa kila mtu, ila akiingia aliyemtisha marehemu, huzimika.

Kuchagua taa ni haki ya dada. Rukia alikwenda dukani, na shemeji yake Hamadi akamfuata nyuma unyounyo.

"Shemeji, chukua hii ya shaba," Hamadi alisema, akigusa kitaa chenye vitundu kama chujio. "Dada yako hakupenda makuu."

"Uliwahi kumuuliza?"

"Waume wengi waliofiwa huchukua hiyo," muuzaji alisema, akikwepa macho yao. "Iwake isiwake, mgeni hatambui."

Rukia alikumbuka siku tatu ambazo dada yake aliugulia ndani. Hamadi alimfungia mlango kwa nje, akaenda kucheza bao, akisema ni deko tu.

"Nishushie ile," alisema, akionyesha taa ya vioo vyeupe arobaini vilivyoning'inia kama shada la asumini.

"Hiyo itajaza sebule nzima!" Hamadi alimaka.

"Ndiyo, shemeji. Wageni wako wakuone vizuri."

Hamadi ameshaoa tena. Jioni mkewe mpya hushona sebuleni, vioo vyote vikiwaka, mpaka mumewe anapofungua mlango.