Duara Lisilohesabika

"Arobaini na tisa," alisema mwalimu wa nidhamu, kisha akajikuna shingo kwa kalamu. "Hapana. Anzeni upya."

Lakini duara halianzi upya, kwa sababu halijawahi kuanza. Wavulana wa bweni la pili walikuwa uwanjani, wameshikana mikono, wamefumba macho, miguu peku kwenye umande. Hatua tatu kulia, moja nyuma. Pumzi ndani, pumzi nje. Katikati yao palikuwa na ndoo ya maji yenye ua moja linaloelea. Ndiyo ngoma ya tafakuri. Metroni aliwaletea mwanzoni mwa muhula ili iwatulize roho, na wao, baada ya wiki mbili za kucheka mpaka mbavu zikauma, wakagundua jambo ambalo kijitabu chake hakikulitaja: watu wanaozunguka hawahesabiki.

Kiranja wa bweni alikuwa akimwomba Mungu jambo hilo libaki kweli kwa robo saa tu. Bwenini mlikuwa na kitanda kimoja kisicholaliwa. Mwenye kitanda aliahidi kurudi kabla ya kengele ya chai. Akijulikana hayupo, atafungasha sanduku lake kabla umande haujakauka, na hakuna shule nyingine itakayompokea. Na huyo ndiye aliyewagawia sukari yake mwenyewe mwezi ule jiko lilipokaukiwa. Mtu wa namna hiyo humwachi akaliwa na Bundi.

Bundi ni huyo mwalimu wa nidhamu. Jina alipewa na wanafunzi waliomaliza zamani, kwa heshima zote, maana shingo yake ilikuwa ikigeuka mpaka nyuma.

"Kiranja, simamisha kitu hiki nihesabu, kisha niingie bwenini nikague."

"Samahani, mwalimu. Ni mizunguko saba. Duara likikatwa kabla, roho zinabaki njia panda."

"Roho za nani?"

"Zetu sote. Hata yako imo, mwalimu. Umekanyaga kivuli cha duara."

Bundi akatazama chini, akarudi hatua moja nyuma, kisha akakasirika kwa kuwa amerudi.

"Na metroni yuko wapi, mambo yake yakifanyika hapa?"

"Ametuachia tufanye wenyewe, mwalimu. Anasema tumekomaa."

"Mmekomaa," alisema Bundi, kama mtu aliyeonja maziwa yaliyochacha.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Alivua kofia yake, akamvika kijana mrefu waliyemwita Mlingoti. "Wewe ndiwe wa kwanza. Kofia ikirudi mbele yangu, hesabu imekwisha." Akaanza. Alifika sabini na saba kofia haijarudi, kwa maana kila duara liliposogea kulia, kofia nayo ilihamia kichwa cha nyuma, kwa utulivu mkubwa wa kiroho, na hakuna aliyefumbua jicho.

"Tisini na mbili," Bundi alinong'ona. Bweni lilikuwa na wavulana hamsini na mmoja.

"Ni baraka, mwalimu," ilisema sauti moja kutoka duarani. "Zimetuongeza."

"Nani huyo?"

Pumzi ndani. Pumzi nje.

Mzunguko wa tano ukamfanyia kiranja kitu ambacho hakukitarajia. Yeye ndiye aliyeidhihaki ngoma hii kuliko wote; aliwahi kuicheza akiwa amejifunga shuka na kuweka sufuria kichwani. Sasa nyayo mia na mbili zilikuwa zikitua kama za mnyama mmoja mkubwa mpole, na woga wake wote ukashuka, ukapotelea kwenye nyasi. Kwa muda akasahau anamsubiri nani. Alipoiba jicho kumtazama Bundi, aliona mguu wa kushoto wa mwalimu ukigonga ardhi: tatu, moja, tatu, moja.

Bundi naye akauona mguu wake. Akaukanyaga kwa ule wa kulia.

"Basi. Majina," alisema, akafungua daftari.

Woga ukapanda tena ulikotoka.

"Itikieni taratibu, ndugu zangu," kiranja aliagiza. "Itikieni kwa pumzi."

Wakaitikia kwa pumzi. Kila "nipo" ilikuwa ndefu kama wimbo wa mazishi. Bundi hakuwa na haraka, wala hakuchelewa kugundua hila hiyo. Mchezo wa kumwitikia mwenzio asiyekuwepo aliujua tangu yeye mwenyewe akiwa bwenini. Kila aliyeitikia alimfuata, akamwinua kidevu, akalinganisha sura na jina. Mlingoti alikaguliwa mpaka masikio. Jasho lilimtiririka kiranja mgongoni, na alikuwa akihesabu dakika, siyo watu.

Likaitwa jina la mwisho.

"Niiipooo."

Bundi akainua kidevu cha mwisho. Akarudi kwenye daftari. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini, halafu toka chini mpaka juu, akitafuta pengo kwa upendo wote aliokuwa nao moyoni.

"Hamsini na mmoja," alisema kwa huzuni. "Kamili. Hakuna aliyetoroka."

Akaichukua kofia yake kwenye kichwa cha mtu asiyejulikana, akaipangusa, akaivaa.

"Haya. Mmoja wenu akamgongee metroni mlango aje atie sahihi."

Duara likasimama lenyewe. Hakuna aliyeondoka mahali pake. Kisha, kutoka nyuma ya jiko, juu ya ukuta, kikaruka kiatu chekundu cha kisigino kirefu, kikafuatwa na mwenzake, halafu ikaja sauti ya kunong'ona, iliyokauka kwa kuimba usiku kucha:

"Kiranja, mwanangu, Bundi kashapita?"