Sanduku Lisilovuja

Simu ya boma la Wajerumani la Rumonge, kando ya ziwa, ililia asubuhi nzima, na hakuna aliyeisikia.

Aruna, fundi wa mitumbwi, ndiye aliyeitengenezea sanduku. Simu ilitundikwa nje barazani, na Mjerumani mkuu wa boma alitaka mvua isiingie, naye akaziba kila mwanya kwa pamba iliyolowa mawese, kama azibavyo mtumbwi.

“Fundi, mbona hukuweka na kasia?” askari walimcheka.

Siku hiyo alikuja kuzipangusa mbao za sanduku. Alipofungua kifuniko, kengele ikamlilia usoni. Askari akadaka simu, akasikiliza, kisha akawapigia wenzake kelele:

“Mashua za Wabelgiji zimepita Gitaza tangu alfajiri. Zinakuja kwetu!”

Papo hapo mzinga wa mashua ukapiga ufukweni, wanawake walipokuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani.

Tundu moja tu katika sanduku lingetosha kupitisha mlio wa simu.

Mitumbwi minne iliungua. Wanawake watatu walikufa, na mmoja alikuwa mke wa Aruna.