Nani Ana Swali?

Bosi wangu alibandua utepe mbele ya ukumbi mzima, akafunua kisahani cha bakteria.

Nilipigwa na butwaa. Utepe ule niliuzungusha mwenyewe asubuhi maabarani, mara tatu, kwa sababu bakteria wale walitoka kwa mgonjwa wa kuhara damu. Tulikubaliana watu wawatazame kifuniko kikiwa kimefungwa. Ana wazimu huyu?

"Msiogope, nimevaa glavu!" alisema, akausugua utando mweupe wa bakteria kwa kidole. Watu wakacheka, wakapiga makofi.

Kisha, kwa mkono uleule, akachukua kipaza sauti na kukiteremsha kwa watazamaji. "Haya, nani ana swali?"

Mzee mmoja akakishika, akauliza swali lake, akampa jirani. Jirani akauliza, akajifuta mdomo kwa kiganja, akakipitisha nyuma.

"Jamani, acheni!" nilipiga kelele, lakini makofi yaliimeza sauti yangu. Nikaanza kupenya katikati ya magoti ya watu.

Safu ya tatu, mama yangu, niliyemwalika aje aone kazi yangu, alikuwa ameshakipokea. Alikisogeza mpaka kikagusa midomo yake.

"Samahani, daktari," sauti yake ikajaa ukumbini. "Hawa wadudu, mtu anaambukizwaje?"