Rangi ya Kiduha

"Panya akishiba anaondoka," nilimwambia mume wangu, kama nilivyomwambia kila asubuhi msimu ule. "Kiduha kinanyonya mahindi chini kwenye mizizi, halafu kinachanua maua kama gugu lisilo na hatia."

"Maua hayafukui mbegu," alijibu bila kuinua macho. "Adui yetu ni panya pori."

Alikuwa akikoroga mahindi na sumu ya panya. Sumu yenyewe ilitiwa rangi ya zambarau, ili mtu yeyote akiiona asithubutu kuonja. Aliyaacha yakauke kwenye ungo, nyuma ya mlango wa jiko.

Mimi nikaenda kung'oa adui yangu.

Saa saba nilirudi na kikapu cha maua, viganja vimenigeuka zambarau. Mume wangu alikuwa amekaa kizingitini, sahani tupu mapajani, akikomba mchuzi kwa kidole.

"Umechelewa, mke wangu. Tumekula. Na bado nasema ni panya."

Nilicheka. Kisha nikaliona beseni kando ya mlango. Maji yake yalikuwa ya zambarau.

"Mama, ulikuwa unafua?" nilimuuliza mama mkwe, aliyekuwa jikoni.

"Nifue nini, mwanangu? Ni yale mahindi ya kwenye ungo. Hayo maua yako unayoleta kila siku yaliyachafua yote. Nimeyaosha maji matatu mpaka yakatakata, ndipo nikayabandika." Akatabasamu. "Yako nimekufunikia."

Kidole cha mume wangu kilikuwa kimeshafika mdomoni. Kikabaki humo humo.