Kabla ya Tatu

Daktari alikuwa amekwisha kusema wamrudishe nyumbani, kwani kiharusi kile hakikuwa na tiba tena. Shaweji akakaa kando ya kitanda cha kaka yake, Mbaruku, pale wodini. Akaanza kuzungumzia mieleka.

"Kaka, unamkumbuka Chuma Chakavu? Yule wa kaptura nyekundu?"

Mbaruku akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Utotoni walikuwa wakichungulia kwenye dirisha la kibanda cha video, Shaweji amekaa shingoni mwa kaka yake, akimsimulia mieleka iliyoonyeshwa ndani.

"Mimi sikuwahi kumwona," Mbaruku alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Wewe ndiye uliyekuwa ukiona. Mimi nilikubeba tu."

Shaweji aliinamisha kichwa. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo.

"Akilazwa chini, refa anahesabu, alikuwa akifanyaje?"

"Alikuwa akinyanyua bega, kaka. Kabla ya tatu, maana tatu ikifika ameshindwa."

"Nihesabie."

"Kaka, acha."

"Nihesabie, mdogo wangu."

Shaweji akapiga godoro kwa kiganja. "Moja."

Mbaruku akafumba macho. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka.

"Mbili."

Bega la kushoto, lile lililopooza, halikutikisika. Mkono wa Shaweji ukabaki juu.

"Maliza," Mbaruku akanong'ona.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wamegeuza vichwa, wakiutazama mkono ule.