Kimo cha Wimbi

"Viatu nje!" Dona Idalina alifoka kutoka jikoni. Brodie hakugeuka hata kidogo. Akapita sebuleni na viatu vyake vya soli nene, mchanga ukimwagika nyuma yake.

Kila mpangaji wa nyumba ya bibi huyo aliijua sheria. Maitane, msichana wa Kibaski, aliziacha ndala zake mlangoni kila siku. Brodie, bingwa wa kupanda mawimbi kwa ubao kutoka Australia, hakuvua viatu hata akila supu. Hata vazi lake la baharini alilivalia garini, peke yake, kama bibi harusi.

Dona Idalina hakuwapenda wapanda mawimbi hawa. Bahari ya Nazaré, mji wao wa pwani ya Ureno, ilimmeza mumewe akitafuta samaki wa kulisha nyumba. Wao walipanda ndege kutoka upande wa pili wa dunia kuja kuichokoza, kisha wakapigwa picha wakichekelea.

"Bibi, ndani ya sketi saba hizo mna mtu kweli?" Brodie alimtania, maana alizivaa moja juu ya nyingine kama wanawake wa zamani wa mji ule.

"Yumo, tena ana ufagio. Vua viatu!"

Jumatatu bahari ilichafuka. Maitane akapanda wimbi refu kama ghorofa. Baadaye Brodie naye akapanda lake, likaonekana kulizidi la Maitane kidogo tu. Mmoja wao angeondoka na rekodi ya dunia. Wadhamini wa Brodie walikwishamchoka, na bila rekodi ile wangemtema.

Kesho yake msimamizi wa rekodi alikuja na picha mbili za mawimbi yale, akazitandaza mezani.

"Mlima wa maji mnaupimaje?" Dona Idalina aliuliza, akiondoa sahani ya samaki wakavu.

"Kwa mpandaji wake, mama. Tukishajua kimo chake, tunaangalia anaingia mara ngapi kwenye wimbi."

"Kumbe fimbo ya kupimia bahari ni jitu hili?" Akamtazama Brodie toka juu mpaka chini, akaguna.

Brodie hakumsikia. Alikuwa amemkazia macho Maitane.

"Huyu kaandika kwenye fomu ana mita moja na sentimita sitini. Uongo mtupu! Si mnaona alivyo kibete? Katia chumvi ili wimbi lake lirefuke. Apimwe hapahapa!"

"Nipimeni," Maitane akasema. "Mimi sina neno."

Akasimama ukutani, miguu mitupu. Mkanda ukasoma mita moja na sentimita sitini na moja.

Msimamizi akageuka. "Haya, Brodie. Zamu yako."

"Mimi? Kimo changu dunia nzima inakijua. Kila gazeti limekiandika."

"Ukutani, bwana. Si wewe uliyetaka watu wapimwe?"

Brodie akaenda, akaegemea ukuta, akainua kidevu. Msimamizi akaukunjua mkanda.

"Viatu," Dona Idalina akasema.

Safari hii hakufoka. Brodie akamtazama msimamizi, akamtazama Maitane, akautazama mlango. Mwishowe akainama, akafungua kamba. Alishuka kutoka ndani ya viatu vile kama mtu anayeshuka ngazi, na wimbi lake likashuka pamoja naye, mpaka chini ya lile la Maitane.